Nani Aliyesema Mapambo Haya ni ya Bure?

Nimefika umri ambao kitu chenye bei hakinitishi tena. Bei unaisikia, unaguna, unaikataa au unakopa, mambo yamekwisha. Kinachonitia hofu ni kitu cha bure. Na katika vitu vyote vya bure vilivyowahi kuingia uani kwangu hapa Hola, ukihesabu na yule paka wa jirani, hakuna kilichonitoa jasho kushinda mapambo ya vitambaa.

Mnayajua. Ni ile kamba ndefu iliyofungwa vipande vya nguo kuukuu vya kila rangi, ikatundikwa toka nguzo hii hadi ile ili mgeni akiingia ajue hapa pana sherehe, si kikao cha kugawa urithi. Wanaoyasifu husema ni kazi nyepesi: chukua nguo za zamani, kata, funga, tundika. Nimeishi vya kutosha kujua kwamba mtu anayeieleza kazi kwa pumzi moja siye atakayeifanya.

Chanzo ni shule. Siku hizi chanzo cha kila kitu ni shule. Tangu mtaala wa umilisi uingie madarasani Januari 2019, sisi wazazi tumerudishwa masomoni bila sare wala uji wa saa nne. Kwa ajili ya mwanangu mwingine nilishawahi kusimamisha sanamu ya kutishia ndege, na ndege wakaja kutua begani mwake wakapumzika. Sasa kitinda mimba wetu anamaliza PP2, darasa la mwisho la chekechea, na mwisho wa PP2, ikiwa hamjasikia, ni mahafali. Mtoto asiyejua kufunga kamba za viatu anavishwa joho jeusi na kofia ya mraba kwenye jua la Tana River, anapigwa picha, anakabidhiwa karatasi. Sisi tulimaliza chekechea siku uji ulipokwisha, mwalimu akasema haya, nendeni.

Basi ukaja ujumbe kwenye simu: kila mzazi alete mapambo yaliyotengenezwa kwa vifaa vinavyopatikana katika mazingira ya nyumbani. Nikajibu kimoyomoyo kwamba kifaa kinachopatikana kwa wingi katika mazingira ya nyumbani kwangu ni vumbi. Mama watoto hakujibu kimoyomoyo.

"Baba watoto, tutafanya ya vitambaa. Asubuhi yatumike shuleni, jioni tuyatundike hapa uani, tumfanyie mtoto kachai kidogo."

Alisema kachai kidogo. Mimi nikaona sufuria kubwa la pilau, sambusa, viazi karai, soda za kreti, na mtaa mzima umekaa juu ya mikeka ukiulizia pilipili.

Nilipendekeza maputo, nikidhani naokoa jahazi. Akanitazama kwa huruma. Maputo, Hola? Hapa miezi ya joto nyuzi 35 hazimshtui mtu, na hewa uliyoifungia ndani ya mpira asubuhi huvimba kadiri jua linavyopanda, mpira nao unalegea. Kufikia adhuhuri yanapasuka moja baada ya jingine bila kuguswa, mtoto analia kwa kila mlio, na mbuzi waliokuwa wamefungwa wanakata kamba. Nikasema basi karatasi za rangi. Akanikumbusha arusi moja ya mtaani iliyonyeshewa mvua ya vuli, rangi nyekundu ya karatasi ikawachuruzikia wazee waliovaa kanzu nyeupe, ikabidi shehe afungishe ndoa akiwa na madoa ya mtu aliyetoka machinjioni. Nikasema yale ya plastiki yanayometameta. Hapo akasimama kabisa, akauliza kama nimesahau kwamba serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na kwamba tangu hapo yeye huona haya kumwaga plastiki nyingine uani halafu kesho tuikute tumboni mwa mbuzi tunayemchinja.

Alikuwa na haki katika yote matatu, jambo ambalo katika ndoa huudhi kuliko matusi. Vitambaa havipasuki. Vikinyeshewa vinakauka. Jua likivichujua, vinapendeza zaidi. Vikichafuka, vinafuliwa. Nikabaki na swali moja tu: tutavitoa wapi?

Niwaambie ukweli, swali hilo mtu wa Hola hakustahili kuliuliza. Watu wa mbali wakisikia jina la mji wetu hukumbuka tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa kambi ya hapa walipopigwa hadi kufa, na ni haki wakumbuke. Mradi wa umwagiliaji wa miaka hiyo ya 1950 ulifunguliwa kwa jasho la watu hao waliozuiliwa. Lakini sisi tuliokulia hapa tunaujua mradi huo kwa jambo jingine pia, nalo ni pamba. Hola ililima pamba. Bura, juu kidogo ya mto, ikalima pamba miaka ya 1980 kwa fedha zilizokopwa Benki ya Dunia. Nyuzi za nguo zilikuwa zinaota hapa, mlangoni, zikichunwa na mikono ya wazazi wetu.

Kisha mwaka 1989 Mto Tana ukahama. Mto mrefu kuliko yote nchini, una kilomita zipatazo 1,000 za kuchagua pa kupinda, ukaona apende asipende mtu, utapinda hapa hapa. Ukaziacha pampu zimetoa midomo kwenye mchanga mkavu, na mradi ukalala. Huko Bura nako mambo hayakukawia kuharibika. Miaka ya 1990 soko likafunguliwa, mitumba ikaingia kwa marobota, na mkulima wa pamba akajifunza kuvaa shati la marehemu wa Ulaya. Siku hizi maji yamerudishwa, mahindi yanalimwa, tunashukuru. Ila kitambaa chako cha bure, ndugu yangu, kimevuka bahari kuja kukuudhi.

Nikaenda kwa fundi. Kila mtu akisikia mabaki ya vitambaa hutaja fundi, na hao watu nao nadhani hawajaongea na fundi tangu enzi za Moi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Suruali imebana tena?"

"La. Nasikia una mabaki, nikasema nikupunguzie uchafu."

Akausimamisha mguu juu ya cherehani lake la Singer, akanitazama juu ya miwani. "Uchafu hapa hakuna. Kuna vipande."

"Basi vipande."

"Vipande vina wenyewe. Gunia lile la mwenye kushona mito. Lile la mwenye punda, anatengeneza tandiko mnyama asichubuke mgongo. Lile pale la mama anayeshona vya kufutia miguu. Hilo dogo naweza kukuuzia."

Kuniuzia! Nikalipa, maana nilishatoka nyumbani na gunia tupu begani na mtaa mzima ulishaniona. Nilipofika nyumbani tukamwaga mali sakafuni, ndipo nikaelewa kitu ambacho wenye kusifu mapambo haya hawakisemi. Rangi za mabaki ni rangi za kazi ya fundi wako. Na fundi wa Hola anashona nini? Sare za shule na mabuibui. Tulikuwa na kaki, tulikuwa na rangi ya damu ya mzee, tulikuwa na kijani cha suruali ya kaptura, na juu ya hayo yote tulikuwa na nyeusi, nyeusi, nyeusi. Mama watoto akafunga vipande mkono mmoja wa kamba, akarudi nyuma kutazama, akaniuliza nani kafariki.

Hapo kijana wetu mkubwa akatoa wazo ambalo mwanzoni nililiona la akili: fulana za kampeni. Kila nyumba hapa ina rundo lake tangu uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022, na ni za vyama vyote, kwa sababu mwananchi mwenye busara hakatai fulana. Tena kitambaa chake ni cha kufuma, hakifumuki nyuzi ukikikata. Ukikata ukanda mwembamba halafu ukauvuta kidogo, kingo zinajikunja zenyewe ndani, unapata utepe wa mviringo ulionyooka bila sindano wala uzi. Nasema hili kwa sifa kabisa. Fulana ya kampeni ambayo haikuniletea barabara wala maji hatimaye imenifaa.

Lakini fulana zina nyuso. Ukikata nyuso kwa kanda za vidole viwili unapata kamba yenye jicho la mheshimiwa mmoja, sharubu za mwingine, na meno ambayo hayana mwenyewe lakini yanakuchekea kila ukipita. Mtoto akakataa kwenda chooni usiku. Na ukiondoa nyuso, zimebaki rangi. Jioni hiyo akapita jamaa mmoja wa barazani, mtu wa siasa tangu azaliwe, akasimama chini ya kamba iliyokuwa bado fupi, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Bwana, naona manjano imezidi."

"Ni fulana zilizokuwepo."

"Zilizokuwepo, ee. Na chungwa je? Hazikuwepo?"

Nikamwambia hii ni sherehe ya mtoto wa chekechea. Akasema hata kampeni huanza hivyo hivyo, na 2027 iko mlangoni. Kwa amani ya mtaa tukasawazisha, manjano moja, chungwa moja, buluu moja, tukipima kwa haki ambayo sijawahi kuiona kwenye kituo cha kupigia kura.

Rangi zikapatikana, wingi haukupatikana. Hapa nawaomba mkae chini, kwa sababu kuna hesabu ambayo hakuna anayewafanyia kabla hamjaingia kwenye mambo haya. Vipande vikifungwa kwa kukaribiana vipendeze, kila kimoja kinakula sentimita 2 za kamba. Kwa hiyo mita moja ya kamba ni vipande 50. Ua wetu, toka ukingo wa paa hadi kwenye mwarobaini, ni mita 10. Vipande 500, kwa upande mmoja! Kila kipande upana wake vidole viwili, tuseme sentimita 4, na urefu shibiri moja, tuseme 22. Leso moja ina sentimita 110 kwa 150 hivi, ukiipasua yote hupati vipande 190. Yaani kamba moja tu ya uani imekula leso tatu kasoro kidogo, na leso haziuzwi tatu, zinauzwa kwa doti, mbili mbili. Haya, rudini mniambie tena habari ya bure.

Nilitaja leso kwa ajili ya hesabu tu, wallahi. Mama watoto akaelewa kwamba natamani kabati lake. Kuna leso alizoletewa kwenye arusi, kuna za uzazi, kuna alizopewa na marehemu shangazi yake, kuna ambazo hazijawahi kufunuliwa toka zitoke dukani Mombasa, Mtaa wa Biashara, zimelala na karafuu katikati. Mwanamume akilisogelea kabati hilo akiwa na mkasi mkononi, polisi hawawezi kumsaidia. Mwishowe yeye mwenyewe, kwa uchungu, akatoa chache zilizochakaa, zile za kubebea mtoto na kufungia vitumbua, akatukabidhi huku amegeuza uso.

Hamtashangaa nikisema leso hizo zilituletea kesi kubwa kuliko fulana. Fulana zina nyuso, leso zina maneno. Leso moja jina lake lilikuwa la kuwaombea dua majirani wema. Nyingine ilikuwa ya kukemea tabia mbaya. Kila moja kwa upande wake ina adabu. Ila ukizipasua kwa urefu wa shibiri, neno moja linabaki kwenye kipande hiki, jingine kwenye kile, na watoto wanaofunga hawasomi, wanaangalia rangi. Kamba ilipopandishwa, juu kabisa ya ukuta tunaopakana na jirani yetu, vikakaa vipande viwili bega kwa bega vikisomeka wazi: JIRANI, MBAYA.

Alikuja kabla ya magharibi. Mama mtu mzima, ametulia, amejifunga buibui vizuri.

"Baba watoto, hujambo."

"Sijambo, dada. Karibu."

"Nimekaribia. Nasema hivi, kama kuna neno, watu huambiana mdomo kwa mdomo. Haliandikwi likatundikwa."

Ilichukua chai, kaimati na kiapo. Kipande cha MBAYA kikahamishwa, pakawekwa rangi ya damu ya mzee ya sare ya shule, isiyo na neno na mtu. Baadaye tukagundua kipande kingine chenye MALI YA ABDULLA, yaani ile chapa ya duka la Kaderdina Hajee Essak lililofunguliwa Mombasa mwaka 1887, ambayo mpenzi wa leso yeyote wa pwani anaijua. Hicho tulikiacha. Siku ya sherehe mgeni mmoja kutoka bara akanivuta kando akaniuliza Abdulla anatoza kiasi gani kukodisha, maana mapambo yake ni mazuri.

Katikati ya mahangaiko hayo akashuka mama mkwe kutoka upande wa Garsen, bila taarifa, na mfuko wa maembe. Akauzungukia ua, akaishika kamba yetu ya nailoni ya kuanikia nguo kwa ncha za vidole, akaiachia.

"Mwanangu, hii nani kaifunga?"

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akanitazama. Mama akasema hataki jina, anataka ifunguliwe yote.

Yeye ni mtu wa kusuka mikeka. Huko kwao mtoni miyaa ya mkoma haijaisha, na mkono wake unasuka ukili huku mdomo unazungumza habari nyingine. Alituambia nailoni inateleza, vipande vitakimbilia katikati vyote vikusanyike tumboni mwa kamba, na kweli ndivyo vilivyokuwa vikifanya, mimi nikisingizia upepo. Akasokota kamba yake mwenyewe ya miyaa, ngumu, yenye kukwaruza, ambayo fundo likikaa limekaa. Fundo lenyewe akalibadilisha. Sisi tulikuwa tukizungusha na kukaza mara mbili, tunamaliza vidole na nusu ya kitambaa. Yeye alikunja kipande katikati, akakipitisha kile kitanzi nyuma ya kamba, akaziingiza ncha mbili ndani ya kitanzi, akavuta. Basi. Kipande kimening'inia chote, ncha mbili chini, na ukikitaka kesho kwa kazi nyingine kinafunguka hakina kovu.

Halafu akaninyang'anya mkasi. Alisema kitambaa cha pamba hakikatwi, kinachanwa: unakitia mkasi kidogo ukingoni, unashika pande mbili, unavuta, na uzi wenyewe unakuongoza hadi mwisho umenyooka kuliko jicho la binadamu. Visivyochanika akaviweka kando. Vya mashaka alivijaribu kwa kiberiti, uzi mmoja mmoja: ukiungua ukaacha jivu na harufu ya karatasi, ni pamba. Ukijikunyata ukawa tone gumu jeusi, huo ni wa kiwandani wa mafuta, na huo usikae karibu na balbu wala jiko. Theluthi ya gunia la fundi, lile nililolilipia, likaanguka mtihani huo. Mabuibui karibu yote nje. Sikuhuzunika.

Kazi ya kuchana nikapewa mimi. Mnajua sauti ya pamba ikichanwa? Inasafiri. Wazee wenzangu wa barazani waliisikia, wakaja mmoja mmoja kuuliza kuna ugomvi gani, maana katika mtaa wetu nguo ikichanika kwa sauti hiyo huwa kuna mtu ameshikwa ukosi. Walinikuta nimekaa juu ya kibao cha mbuzi, kibao cha kukunia nazi, miguu nimeinyoosha, leso mapajani. Walicheka mpaka wengine wakashika ukuta. Mama mkwe hakuwaambia kitu. Alimtupia kila mmoja fungu la vipande na urefu wa kamba, akasema, "Baba, mkono ukiwa mtupu unaingia shetani." Mwanamume wa kwetu hawezi kumjibu mama mkwe wa mwenzake. Wakakaa. Kufikia usiku mzee mmoja, aliyewahi kuwa karani wa mradi wa umwagiliaji enzi za pamba, alikuwa akikosoa mafundo ya wenzake kwa ukali, akisema nafasi za kijana fulani zinatofautiana inchi nzima na za jirani yake. Huyo ndiye aliyenieleza kwamba zamani pamba ya daraja la kwanza na la pili ilitenganishwa kwa mkono kabla ya kupimwa, na mkulima aliyechanganya alirudishwa na mzigo wake. Alikishika kipande cha leso akakivuta, akakisikiliza, akasema hii si mbaya.

Kutundika nitapita haraka kwa sababu bado nina hasira nako. Kamba ya vitambaa si ya karatasi, ina uzito, na ikiwa ndefu mita 10 inalegea katikati hata uikaze vipi. Wageni warefu watakula pilau na kitambaa. Dawa yake ni mti wa kuinua katikati, na mti ulio karibu Hola ni mathenge. Kila kona ni mathenge. Uliletwa miaka ya 1980 utupe kuni na kuzuia jangwa, ukakaa ukajipenda, sasa unazuia hata mtu kufika shambani kwake. Miba yake inapita soli ya kandambili ikakusalimu nyayo. Nilikata mti mmoja wa kuinulia kamba, na mwiba wake ninao mpaka leo, daktari akitaka kuuona.

Na mbuzi. Wenzetu wa Baringo waliishtaki serikali mwaka 2006 kwa sababu ya mathenge huo huo, maganda yake ya sukari yakiwaozesha mifugo meno, wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi awe ushahidi. Nawapa pole. Mbuzi wa mtaa wetu meno wanayo yote. Walisimama kwa miguu ya nyuma, wakaanza na pamba safi, wakaziacha fulana za kampeni. Sijui waliona nini ndani yake. Ikabidi kamba ipandishwe juu zaidi, na kijana mmoja alale uani na fimbo.

Sherehe yenyewe ilikwenda vizuri. Shuleni mwalimu aliyasifu mapambo yetu mbele ya watu, akamwita mama watoto ajitokeze apigiwe makofi. Nilikuwa nimekaa nyuma, mikono imeparara kwa nyuzi, nikapiga makofi na mimi. Jioni upepo wa mtoni ulipopita uani, vipande 500 na vingine vikatikisika pamoja, na ule weusi uliobaki hapa na pale ukafanya rangi nyingine zionekane. Nikasikia watu wakisema nyumba hii imependeza. Nilinyamaza. Mtu akikubali haraka kwamba kitu ni kizuri, mwakani anapewa tena.

Sikujua kwamba mwakani ni mbali mno. Kesho yake asubuhi akaja mtu kuiomba kamba kwa ajili ya arusi ya ndugu yake. Kitambaa kinafuliwa, wakasema, itarudi safi. Ikaenda arusini. Ikatoka arusini ikaenda Maulidi. Ikatoka Maulidi ikapelekwa harambee ya karo ya mtoto wa watu, halafu kwaya moja ikaiazima kwa Krismasi, na hapo nikafurahi kidogo kwamba kuna kitu mjini kinaingia kote bila kuulizwa dini wala kabila. Furaha ikakatika niliposikia inatajwa kwa jina la "mapambo ya mtaa". Ya mtaa tangu lini? Mtaa ulilipa gunia la fundi? Mtaa una mwiba unyayoni?

Tena kila ikirudi imepungua. Mama mmoja alifungua vipande akafungia mwanawe nywele. Mwingine, sitaki kumtaja, nilimwona akifutia sufuria kipande cha fulana ya manjano, na niliposema neno akaniuliza kama mimi ni wakala wa chama. Leso ya JIRANI imekwenda, ile ya MBAYA imebaki peke yake katikati ya kamba, na popote inapotundikwa watu wanatafutana nani kasemwa.

Naandika haya kwa sababu sasa imepotea kabisa. Mara ya mwisho ilionekana ikipanda gari kuelekea upande wa Bura, ndani ya mfuko wa sukari, pamoja na viti vya kukodi. Aliyenayo namwomba, kwa heshima, airudishe kabla ya mwezi wa Idd kuandama, maana mama watoto ameshawaalika watu na mama mkwe ameshapanda gari Garsen. Asiogope, hatutamuuliza imekaa wapi. Ila aifue, na vikipungua vipande achane leso ya mkewe mwenyewe.